Wewe mfupi? Usikubali begi la laptopu likubebe

Umewahi kushuka kwa matatu ukamsikia makanga akiuliza kwa sauti, “Sasa huyu amebeba begi ama begi ndilo limembeba?” Abiria wakacheka. Nawe ukacheka kidogo ili mambo yaishe, kisha ukaenda zako mikanda ikikuteleza mabegani. Kama yamewahi kukupata, keti hapa tuongee.

Mimi nina futi tano na kilo 48. Nilipojiunga na chuo, binamu yangu wa futi sita alinipa begi lake la kipakatalishi. Lilikuwa begi poa sana, jeusi, la mifuko mingi, na sikulipa hata ndururu. Jioni moja nikiwa nashuka kwenye Barabara ya Thika, nililivaa kifuani jinsi tunavyofanya sote tukiogopa wezi. Lilinifika kidevuni. Sikuiona ngazi ya mwisho. Nilianguka kifudifudi, laptopu ikiwa chini yangu.

Skrini ilipasuka kutoka kona hadi kona. Mashine hiyo mama aliinunua zamu yake ya chama ilipofika, baada ya kungoja mwaka mzima. Nilikaa wiki mbili bila kumwambia.

Wiki hizo zote nilijilaumu kwamba mimi ni mzembe, tena mfupi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa halikuwa la kimo changu. Lile begi lilishonwa kwa mgongo wa mtu mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuuzia begi, anayekupa la bure na anayekucheka, wote hawasikii linavyokuvuta. Wewe ndiwe utasikia, kutoka nyumbani hadi stejini na kutoka stejini hadi darasani. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, fanya haya.

Anza na mashine, si begi

Wengi wetu huingia dukani tukisema, “Nataka begi la inchi 15.” Inchi hizo ni za skrini, na hupimwa mshazari, kutoka kona moja hadi kona ya pili. Hazikuambii mashine yenyewe ina upana gani. Kwa kawaida laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 36 hivi, ya inchi 14 hukaribia sentimita 33, na ya inchi 13 ni kama sentimita 30.

Sasa mwambie rafiki akupime mgongo kutoka ncha ya bega moja hadi ncha ya lingine. Ukipata sentimita 35, ujue laptopu ya inchi 15.6 imekuzidi upana kabla hujaweka hata kalamu ndani. Begi lake litatokeza pande zote mbili, na ndani ya matatu utakuwa unamgonga kila aliyeketi kando ya njia.

Kama bado hujanunua laptopu, na kazi yako ni kuandika na kusoma tu, fikiria ile ya inchi 13 au 14. Nyingi za inchi 13 zina kilo moja na nusu au chini ya hapo, ilhali zile kubwa za zamani hupita kilo mbili. Kama tayari unayo kubwa, usikate tamaa. Chukua rula upime upana, urefu na unene wake, uandike kwenye simu. Begi lako litoshee vipimo hivyo na lisizidi sana. Nafasi ya ziada si faida kwa mtu mdogo, kwa sababu kila nafasi iliyo wazi utaijaza na kitu.

Pima mgongo wako

Inamisha kichwa, kisha papasa nyuma ya shingo. Utagusa mfupa uliochomoza. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Halafu weka mikono kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari unaopita kati ya vidole gumba hivyo ndio mwisho. Mtu akushikie futi ya fundi wa nguo kutoka juu hadi chini.

Watu wengi wenye umbo dogo hupata kati ya sentimita 38 na 43. Mabegi mengi ya laptopu yaliyoning’inia madukani yana urefu wa sentimita 45 hadi 50. Umeona shida inapoanzia? Begi likiwa refu kuliko mgongo, sehemu ya chini hupiga makalio kila hatua, na uzito wote hukuvuta nyuma. Ili usianguke unainama mbele, shingo inachomoza, na jioni unashangaa kwa nini kichwa kinauma.

Tafuta begi lenye urefu unaokaribia kipimo chako. Likizidi kidogo si neno, lakini lisishuke chini ya kiuno kwa zaidi ya sentimita 10, yaani kama upana wa kiganja chako.

Usidhani pia kwamba wafupi wote ni sawa. Kuna mfupi wa miguu mwenye mgongo mrefu, na mfupi wa mgongo mwenye miguu mirefu. Na nyinyi wavulana mnaosoma kimyakimya mkidhani haya ni ya wasichana pekee, pimeni pia.

Mikanda ndiyo siri

Begi likiwa na kimo kizuri lakini mikanda mibaya, bado utateseka. Angalia mambo manne.

Kwanza, tazama mikanda inapoanzia juu. Ikiwa mbali sana, itateleza kwenye mabega membamba na utashinda siku nzima ukiivuta. Ikikaribiana, inatulia.

Pili, kaza mikanda hadi mwisho. Kama imefika mwisho na begi bado linaning’inia, lirudishe. Hilo si lako, hata ukipunguziwa bei.

Tatu, shika sponji ya mkanda. Iwe nene ya kutosha kuzuia kukatwa bega, lakini isiwe pana hadi isugue shingo. Mikanda iliyopinda kidogo huwafaa wasichana kwa sababu hupita kando ya kifua badala ya kukibana.

Nne, tafuta ule mkanda mdogo unaofungwa kifuani. Wengi huuona kama pambo. Kwa mtu wa mabega membamba, huo ndio unaounganisha mikanda miwili isiteleze. Funga chini kidogo ya mifupa ya shingo, usikaze hadi ukose pumzi.

Na mkoba wa bega moja je?

Najua ofisini unataka kuonekana nadhifu, na begi la mgongoni linakurudisha Form Two. Mkoba wa bega moja si mbaya, ila una masharti. Uzito wote unakaa upande mmoja, kwa hivyo uwe wa mashine nyepesi na safari fupi. Upitishe mkanda kichwani ulale mshazari kifuani, na ufupishe hadi mkoba ukae kwenye nyonga. Ukiwa mfupi na mkanda ni mrefu, mkoba utakupiga goti kila hatua, na laptopu nayo itakuwa inapigwa. Badilisha bega mara kwa mara.

Mikoba ya kushika mkononi mwachie yule anayeshukia mlangoni pa ofisi kutoka kwa gari. Wewe unayetembea kutoka stejini hadi kazini dakika ishirini, utaichukia kabla ya Ijumaa.

Jaribio la unga

Begi tupu halina ubaya wowote. Hebu tufanye hesabu ya mzigo wangu wa zamani. Laptopu, kilo 2.2. Chaja, nusu kilo. Chupa ya lita moja ya maji, kilo moja. Vitabu viwili, kilo moja. Chakula cha mchana na mkebe wake, gramu 600. Begi lenyewe, kilo 1.2. Jumla ni kilo 6.5.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kuhusu mabegi ya wanafunzi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa anayebeba. Kwa kilo zangu 48, hiyo ni kati ya kilo 4.8 na 7.2. Yaani nilikuwa nakaribia kikomo kila siku ya Mungu, ilhali binamu yangu wa kilo 80 angebeba mzigo huo huo akipiga mluzi.

Ndiyo maana uzito wa begi tupu una maana kubwa kwako. Kati ya begi la gramu 600 na la kilo 1.2, tofauti ni zaidi ya nusu kilo, sawa na chupa ndogo ya maji unayobeba bure.

Ukifika nyumbani na begi jipya, usikate lebo kwanza. Weka ndani pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, ufunge mikanda, uzunguke nyumba au upande ngazi kwa dakika kumi. Kisha livae kifuani utazame chini. Unaona vidole vya miguu yako? Kama huvioni, hutaiona ngazi ya matatu pia. Lirudishe ukiwa bado na risiti.

Gikomba na fundi wa viatu

Huna pesa za duka? Hata mimi sikuwa nazo. Kwenye mitumba ya Gikomba, mabegi yaliyotengenezewa vijana wa shule ng’ambo huwafaa sana watu wa umbo letu, kwa sababu migongo ya vijana hao ni mifupi kama yetu. Kata kadibodi yenye vipimo vya laptopu yako uende nayo, badala ya kuzunguka sokoni na mashine yenyewe. Kadibodi ikiingia bila kulazimishwa na zipu ikafunga, mnaweza kuanza kuongea bei.

Kabla ya kulipa, tia mkono hadi chini kabisa ya mfuko wa laptopu. Mfuko mzuri huishia juu kidogo ya sakafu ya begi, ili ukilitua chini kwa kishindo mashine isigonge saruji. Ukisikia kidole chako kimefika chini na kuna kitambaa tu, omba upunguziwe, kisha nunua kipande cha sponji uweke.

Mikanda ikiwa mirefu au haina ule wa kifuani, mpelekee fundi wa viatu wa mtaani. Ana sindano nene na uzi mgumu, na kazi hiyo haimchukui muda. Mwambie akunje mkanda na kuushona, asiukate, ili siku ukitaka kumpa mtu mrefu uweze kufumuliwa.

Kupakia nako ni kazi

Laptopu ikae karibu kabisa na mgongo. Chaja na vitabu vifuate. Vitu vyepesi viwe mbele. Ukiweka kitu kizito mbali na mgongo, kinakuvuta nyuma hata kama begi lenyewe ni zuri.

Maji yawe mfuko wa nje, kamwe yasilale chumba kimoja na mashine. Ama beba chupa tupu ujaze ukifika. Msimu wa mvua, kati ya Machi na Mei na tena kuanzia Oktoba, uwe na kifuniko cha mvua. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku 2017, ile mbinu ya kufunika begi na karatasi ya supamaketi haipo tena.

Na kila Jumapili jioni, mwaga kila kitu kitandani. Utashangaa. Mimi nimewahi kupata kufuli bila ufunguo, madaftari mawili ya muhula uliopita, na sufuria ndogo ya mtu.

Mwishowe nilimwambia mama

Nilimpigia simu usiku, nikiwa nimejitayarisha kugombezwa. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Na wewe uliumia wapi?” Nikamwambia ni goti tu. Hakuuliza skrini ni pesa ngapi. Aliniambia nilitibu goti kwanza, mengine tutapanga.

Skrini ilibadilishwa baada ya miezi mitatu, nikiwa nimechapia watu kazi kwenye saiba kila wikendi. Begi la binamu nilimrudishia. Ninalotumia leo ni la sentimita 40, nililipata Gikomba, na fundi aliliongezea mkanda wa kifuani. Nikilivaa mbele naona miguu yangu yote miwili.

Kesho asubuhi kabla hujatoka, pakia begi lako kama kawaida, livae, kisha simama kando mbele ya kioo. Ukiona umeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, usijilaumu kwa kimo ulichopewa na Mungu. Chukua futi.