Maji Yatokayo Chini: Niliyoyaona Chang'ombe

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tuna mtoto au ndugu anayetafuta riziki Dar es Salaam, na baadhi yao hukaa upande wa Temeke. Kwa hiyo habari hii yatuhusu, ingawa haikuanzia shambani.

Masika ya mwaka 2024 nililala siku nne kwa shangazi yangu, Chang'ombe. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake, jua limewaka. Hata hivyo, alfajiri niliposhusha mguu kitandani nilikanyaga maji. Hayakupita mlangoni. Yalichuruzika kutoka katika ufa wa sakafu, kimya kimya. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, haya hayazuiliwi kwa viroba vya mchanga. Haya yatoka chini."

Sababu yake ni hii. Ardhi ya pwani ile ni mchanga, na mahali pengi chini ya mchanga mna udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha majuma mengi, maji huzama, yakakosa pa kwenda, yakapanda kidogo kidogo hata kufikia sakafu. Ndiyo maana huja mvua ikiisha kupita, na hukawia kuondoka.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa mvua. Habari hizo zilienea kote. Maji ya chini hayatangazwi, maana hayamchukui mtu. Lakini hujaza choo cha shimo, na uchafu wa choo ukapita ardhini mpaka kisimani. Kipindupindu hupenda njia hiyo. Kwa shangazi, choo na kisima vimeachana hatua kumi na mbili tu, na mjukuu wake alikuwa ameharisha siku tatu.

Majirani wa kichochoro kile hawakukaa wakilalamika. Mmoja wao huteremsha kisimani kamba yenye mafundo kila Ijumaa, akaandika daftarini maji yalipofika. Yakifika fundo la tatu kutoka juu, huambiana, na kila mtu huinua magodoro na unga. Vyoo vipya wamevijenga juu ya tuta, vyenye ngazi, na shimo lake fupi limejengewa matofali na kupigwa plasta. Midomo ya visima wameiinua, na maji ya kunywa huchemshwa. Mfereji huzibuliwa kabla ya masika.

Lililoleta ugomvi ni kutapisha vyoo. Mvua ikinyesha, baadhi ya watu hufungua choo uchafu uende na maji, nao humshukia jirani wa chini. Mzee mmoja aliyekatazwa alijibu kwamba gari la kunyonya lataka fedha, naye hana. Alisema kweli. Basi wakaanza mchango wa kila mwezi, na asiyejiweza hulipiwa. Tangu hapo marufuku ile imeshika.

Ndugu Wanachama, sisi twalijua jambo hili kwa mikarafuu yetu. Mkarafuu hauvumilii maji yaliyotuama mizizini. Majani hugeuka manjano, yakapukutika, na mti ukafa umesimama. Dalili huonekana juu, ugonjwa uko chini. Mwenye shamba bondeni hachimbi mtaro siku majani yanapoanguka, huuchimba mapema, tena hushauriana na jirani ili maji yake yasimwangukie mwenziwe.

Basi na nyumba zetu za mabondeni tuzitazame hivyo hivyo. Kila mwenye kisima afunge kamba yake mafundo, apime, aandike. Na kila mwenye mtoto Dar es Salaam amwulize: choo chako na kisima chako vimeachana hatua ngapi?

Jambo hili nitaliweka mbele ya mkutano wa matawi kabla ya masika, Inshallah. Njooni na daftari zenu.

Wasalaam,
Katibu wa Chama