KUMLEA MTOTO KATIKA IMANI: KAZI HII INAANZIA NYUMBANI



Leo tunazungumza na wazazi Wakristo. Lakini wazazi wengine nao wasome, maana kulea watoto ni kazi yetu sote.

Hapa Kiongoroni, na katika vijiji vingi vya Delta ya Rufiji, watu wengi ni Waislamu. Wakristo ni wachache. Baadhi yao ni walimu na wahudumu wa zahanati walioletwa na kazi. Wengine wamefuata samaki, kamba na kaa. Wengine ni wakulima na wafugaji kutoka bara. Tunakumbuka kwamba mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu, na baadhi yao wakaja na mifugo yao Mkoa wa Pwani.

Mtu akihamia huku anakuta maji mengi na makanisa machache. Kijiji kisicho na kanisa humngoja padri au mchungaji. Naye huja kwa boti, na boti hufuata maji kujaa na kupwa. Jumapili nyingi hupita bila ibada. Basi mzazi anasema, "Tungoje mchungaji aje, atamfundisha mtoto." Mwaka unapita, na wa pili unapita. Mtoto anafika miaka 12, hajui hata kusali. Wahenga walisema, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Je, mzazi afanye nini? Tutaeleza.

MZAZI NDIYE MWALIMU WA KWANZA

Sisi watu wa Delta tunaujua mkoko. Mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado juu ya mti wa mama yake. Ikianguka, tayari ni mche, na tope likiupokea vizuri unashika. Kama mbegu ingeanguka bila kuota, maji ya bamvua yangeichukua mara moja.

Mtoto naye ni hivyo hivyo. Siku moja ataondoka. Ataenda sekondari, au Kibiti mjini, au Dar es Salaam kutafuta kazi. Huko atakutana na mkondo wenye nguvu. Kama hakuota mizizi akiwa kwa mama na baba, atachukuliwa na maji.

Kanisa linasaidia, lakini halikai na mtoto kutwa. Mchungaji anamwona mtoto saa moja au mbili kwa juma. Mzazi anamwona asubuhi, mchana na usiku.

Katika Biblia tunasoma habari za Timotheo, aliyefanya kazi na Mtume Paulo. Baba yake alikuwa Myunani, na mama yake Myahudi aliyeamini. Imani ya Timotheo ilianzia kwa bibi yake, Loisi, na mama yake, Eunike. Basi mama usiseme, "Mimi peke yangu siwezi, mume wangu si wa dini yangu." Bibi na mama wale waliweza. Ila usimlee mtoto kwa siri wala kwa ugomvi. Kaa na mwenzako mkubaliane kwa heshima, maana nyumba ikigombana juu ya Mungu, mtoto hujifunza ugomvi tu.

WAKATI WA KUFUNDISHA UPO

Wazazi wengi wanasema, "Kazi ni nyingi, nafasi hatuna." Kweli kazi ni nyingi. Lakini hebu tutazame.

Mpunga ukianza kuzaa, familia nyingi huhamia shambani. Mama na watoto hukaa kwenye dungu kuwinga ndege, na usiku kulinda nguruwe. Huko hakuna redio ya jirani wala kelele za sokoni. Hiyo ni nafasi kubwa ya kuzungumza na mtoto. Na baba akiwa kwenye mtumbwi na mwanawe, wakingoja maji, hiyo nayo ni nafasi.

Musa aliwaagiza Waisraeli wazungumze na watoto wao habari za Mungu nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Agizo hilo limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Halihitaji jengo.

Fanya hivi:

1. Chagua saa moja ya kila siku. Jioni baada ya kula ni nzuri. Dakika kumi zinatosha.

2. Soma kisa kifupi. Anza na Injili ya Luka, maana ina visa vingi vya watu wa kawaida: wavuvi, wakulima, wajane na wagonjwa. Soma polepole. Ukikwama kwenye neno, rudia. Mtoto akikuona unahangaika na neno mpaka unalishinda, atajua kitabu kile kina thamani.

3. Mwambie mtoto akisimulie kile kisa kwa maneno yake mwenyewe. Usimkatize.

4. Ulizeni: kisa hiki kinatuambia tufanye nini kesho?

5. Salini kwa maneno mafupi. Mtoto naye asali. Amtaje mgonjwa wa jirani, au kaka yake aliye safarini.

Biblia ya Kiswahili inayotumika sana ni ile ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952. Baadhi ya maneno yake ni ya zamani. Kama yanakushinda, tafuta Biblia ya Habari Njema. Kiswahili chake ni chepesi zaidi.

Ndugu zetu mliojifunza kusoma ukubwani, msione haya kusoma mbele ya watoto. Zamani mlimngoja mtu aje awasomee. Leo kitabu kipo mkononi mwenu.

MTOTO AKIULIZA, MJIBU

Mtoto wa huku huona mambo mengi na huuliza. Tuseme ni mwezi wa Ramadhani. Mtoto anarudi kutoka shule na kusema:

"Mama, mbona rafiki zangu wamefunga na sisi tunakula?"

Mama mwingine atakemea, "Nyamaza! Hayo hayakuhusu." Mtoto atanyamaza, lakini swali halijafa. Atalipeleka kwa mtu mwingine, na huyo mtu humjui.

Afadhali mama ajibu hivi:

"Mwanangu, wenzetu Waislamu wanafunga mwezi wa Ramadhani kwa sababu ni amri ya dini yao. Sisi Wakristo tuna kufunga kwetu. Wengi wetu tunafunga siku 40 za Kwaresima, kabla ya Pasaka. Basi wewe usile mbele ya rafiki yako mchana. Hiyo ni adabu."

Mtoto huyo amejifunza mambo matatu kwa mara moja. Amejua dini ya mwenzake, amejua dini yake, na amejua adabu.

Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema, "Sijui, mwanangu. Tutamwuliza katekista akija." Andika swali kwenye daftari lisipotee. Yesu mwenyewe alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kuuliza si utovu wa adabu.

TUJIFUNZE KWA JIRANI ZETU

Tuwatazame jirani zetu Waislamu. Mtoto wao anapelekwa chuoni angali mdogo. Ana saa zake za kwenda na mwalimu wake. Mzazi hata awe maskini namna gani, atahangaika mtoto ajue kusoma Kurani. Mtoto akikutwa barabarani saa ya chuo, mtu mzima yeyote humwuliza, "We, mbona huko hapa?"

Wakristo wa Delta tujifunze hapo. Familia tatu au nne zikikutana nyumba moja kila Jumapili, watoto watapata darasa lao. Mmoja anayesoma vizuri aongoze. Kanisa lenu lijulishwe ili lilete vitabu na lije kukagua.

Shuleni pia kuna vipindi vya dini. Mwendee mwalimu mkuu kwa heshima, umwulize nani anafundisha watoto Wakristo. Kama hakuna mtu, watoto hukaa bure au huzurura wakati huo. Wazazi na kanisa mnaweza kumwomba mwalimu mkuu akubali mtu anayefaa aje kufundisha.

Tena tumfundishe mtoto kuishi na watu. Siku ya Idi akialikwa, aende akawape mkono wa Idi. Ukifika msiba, twende sote tukazike. Mtoto asisikie nyumbani matusi juu ya dini ya jirani. Ukimtukana jirani mezani, mtoto atayasema hayo kisimani, na kijiji kitaharibika.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuchagua dini. Uhuru huo ni wetu, na ni wa jirani pia.

FIMBO HAILETI IMANI

Wako wazazi wanaompiga mtoto kwa sababu amesinzia kwenye sala au amekataa kwenda ibadani. Mtoto huyo atakwenda, lakini moyoni anahesabu miaka. Akifika 18 hamwoni mtu tena.

Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao mpaka wakasirike. Yamo katika Waefeso, sura ya 6. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtesa mtoto na kumwadhibu kupita kiasi. Sheria hiyo inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na inataka maoni yake yasikilizwe.

Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, kwa baba ambaye hakuwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa, kwa hiari yake. Imani ile alikaa nayo mpaka alipofariki mwaka 1999. Imani ya mtu aliyeichagua hudumu.

Kinachomvuta mtoto ni mwenendo wa mzazi. Baba akisali Jumapili, na Jumatatu akapunja mizani ya kaa, mtoto anaona. Mama akiimba kanisani, na nyumbani akamnyima chakula mtoto wa kambo, mtoto anaona. Nanyi mkikosa, mwombeni mtoto msamaha. Heshima yenu haitapungua hata kidogo.

TUWE MACHO

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Siku hizi wahubiri wapo redioni na kwenye simu. Wengi ni wema, lakini si wote.

Mwezi wa Aprili 2023, jirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, serikali ilianza kufukua makaburi ya waumini wa kikundi kimoja. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na mingi ilikuwa ya watoto. Waendesha mashtaka walisema watu wale waliambiwa wafunge bila kula mpaka wafe, ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani mwaka 2024. Mashtaka yao ni pamoja na mauaji ya watoto 191. Wao walikana.

Ndugu wazazi, watoto wale hawakujipeleka msituni. Walipelekwa na watu wazima waliowaamini. Kwa hiyo mzazi apime kila fundisho kabla ya kulileta nyumbani. Jihadharini na mhubiri anayesema haya:

– Usimpeleke mtoto hospitali.
– Mtoe mtoto shule.
– Uza shamba, uniletee fedha.
– Achana na ndugu zako wote.
– Usisome mwenyewe, nisikilize mimi tu.

Hilo la mwisho ni baya kuliko yote, maana ndilo linalofungua mlango wa mengine. Mtu anayejua kusoma hufungua kitabu akajionea kama yaliyosemwa yamo au hayamo. Ukiwa na shaka, waulize viongozi wa kanisa lako, na umwarifu mwenyekiti wa kijiji.

Na mtoto akipata homa, msali, lakini siku ile ile mpelekeni zahanati apimwe malaria. Msingoje siku tatu za maombi. Huku kwetu maji yakikupwa boti hulala kwenye tope, na malaria ya mtoto mdogo haingoji maji kujaa. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Sala na dawa havigombani.

MWISHO

Kazi hii ni ya kila siku, na ni ya kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni jioni ya leo kwa kisa kimoja na sala moja. Mtoto akiondoka Delta siku moja, aondoke na kitu ambacho bamvua haliwezi kukichukua.

MANENO MAGUMU

Bamvua: maji makubwa ya bahari wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo.
Dungu: kibanda cha juu cha kulindia shamba.
Katekista: mwalimu wa dini anayemsaidia padri.
Kwaresima: siku 40 za toba kabla ya Pasaka.
Tabibu: mtu anayetibu wagonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwenu, saa gani inafaa kwa kusoma na kusali pamoja na watoto?
2. Mtoto wako akikuuliza kwa nini jirani anasali tofauti, utamjibuje?
3. Nani anafundisha dini kwa watoto Wakristo katika shule ya kijiji chenu?
4. Mhubiri akikuambia usimpeleke mtoto zahanati, utafanya nini?