Mbolea Ikikimbilia Ziwani, Nani Atairudisha?



Mvua kubwa ikinyesha Tosamaganga usiku, asubuhi maji ya vijito huwa mekundu. Wewe husema, "Udongo wetu unakwenda." Ni kweli. Lakini kuna kitu kingine kinachokwenda pamoja na udongo huo, nacho hukioni. Ni mbolea yako.

Mbolea hiyo inakwenda wapi? Inateremka mpaka Mto Ruaha Mdogo. Mto huo unapita Kalenga, unafika Pawaga, kisha unaungana na Ruaha Mkuu. Maji yote huingia katika bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1980, likawa ghala la maji ya kuendeshea mitambo ya umeme. Samaki wanaovuliwa humo hulisha watu wengi.

Leo tuzungumze habari ya mbolea ikisha kufika majini. Tutaona kwamba chini ya maji, ndani ya tope, kuna wafanyakazi wadogo sana wanaojaribu kulisafisha ziwa. Pia tutaona kwamba kazi yao ina mpaka.

NAITROJENI NI NINI?

Naitrojeni ni chakula cha mimea. Mahindi yakiipata huwa ya kijani kibichi. Yakiikosa huwa ya njano na kudumaa.

Naitrojeni imejaa hewani. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni. Lakini mahindi hayawezi kuichukua kutoka hewani. Maharage huipata, kwa sababu katika mizizi yake mna vijidudu vinavyoikamata. Ng'oa shina la maharage utazame mizizi. Utaona vinundu. Hizo ndizo nyumba za vijidudu hivyo.

Viwandani watu pia huikamata naitrojeni ya hewani na kutengeneza mbolea. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Naitrojeni hiyo umeinunua kwa fedha yako. Ikichukuliwa na mvua, fedha yako imechukuliwa na mvua.

WAFANYAKAZI WA TOPE

Katika tope la ziwa, bwawa au mto mna vijidudu vingi vinavyoitwa bakteria. Ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Hufanya kazi kwa kupokezana, kama watu waliojipanga mstari kupokezana matofali ya kujengea shule.

Kundi la kwanza huozesha majani, kinyesi na viumbe vilivyokufa. Katika kuozesha huko naitrojeni hutoka ikiwa amonia. Amonia ndiyo ile harufu kali unayoisikia katika banda la kuku lisilosafishwa.

Kundi la pili hupokea amonia na kuigeuza kuwa naitreti. Kundi hili halifanyi kazi bila oksijeni, yaani ile hewa tunayoihitaji sisi ili tuishi.

Kundi la tatu hukaa chini kidogo, mahali ambapo oksijeni imekwisha. Hapo hutumia naitreti badala ya oksijeni. Mwisho wa kazi yao, naitrojeni hupanda juu na kurudi hewani ilikotoka. Ziwa limepunguziwa mzigo.

Kuna kundi jingine pia. Hilo huweza kuondoa amonia mahali pasipo na oksijeni, likisaidiwa na mazao ya kundi la pili. Lilitambuliwa kwanza Uholanzi katika miaka ya 1990, kwenye mitambo ya kusafisha maji machafu. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba wamelikuta katika Ziwa Tanganyika, kwenye kina cha mita 100 hivi, pale oksijeni inapoishia. Kwa hiyo ziwa letu wenyewe limewafundisha wataalamu wa dunia.

MPAKA WA KAZI YAO

Sasa angalia vizuri. Kundi la pili linataka oksijeni. Kundi la tatu linataka mahali pasipo na oksijeni. Yote mawili hukutana juu ya tope. Oksijeni huingia katika tope milimita chache tu, pengine unene wa punje ya hindi. Katika tabaka hilo jembamba ndimo kazi kubwa inamofanyika.

Mbolea na uchafu vikizidi ziwani, mambo huharibika hivi:

Kwanza, mwani huongezeka. Mwani ni vijimea vidogo vinavyoelea na kuyafanya maji yawe ya kijani. Mwani ukifa huzama. Ukizama huoza. Ukioza humaliza oksijeni yote iliyo chini.

Oksijeni ikiisha, kundi la pili husimama kazi. Naitreti haitengenezwi tena. Kundi la tatu nalo hukosa kitu cha kupokea. Ni kama mtu wa katikati ya mstari ameanguka: matofali hurundikana. Amonia hujaa katika tope na kupanda tena majini. Hata naitreti kidogo iliyobaki, bakteria wengine huigeuza kuwa amonia tena.

Tope lisilo na oksijeni pia huachia fosforasi, chakula kingine cha mimea kilichokuwa kimeshikwa humo. Mwani hupata chakula zaidi, huongezeka, hufa, huzama, huoza. Hivyo ziwa huanza kujichafua lenyewe. Samaki hukosa hewa na kufa.

YALIYOTOKEA ZIWA VICTORIA

Jambo hili si la kubuni. Limekwisha kutokea hapa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1960 na 1961 wataalamu walipima maji ya Ziwa Victoria. Walipopima tena mwaka 1990 na 1991 walikuta mwani umeongezeka mno. Maji ya chini yalikuwa yanakosa oksijeni katika eneo kubwa zaidi, na kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Sababu zilikuwa nyingi: misitu iliyokatwa, udongo uliochukuliwa na mvua, moshi wa kuchoma mapori, na maji machafu ya miji.

Karibu na mwaka 1990 gugu maji nalo lilionekana ziwani humo. Lilinenepa kwa chakula hicho hicho kilichozidi. Liliziba bandari na mialo ya wavuvi.

Vijidudu vya tope havikuweza kuliokoa ziwa peke yake. Tena, kuna mwani wa aina moja unaoweza kukamata naitrojeni ya hewani kama vinundu vya maharage. Fosforasi ikiwa nyingi, mwani huo hustawi. Vijidudu hutoa naitrojeni kwa chini, mwani huo unaiingiza kwa juu.

Ziwa Victoria ni kubwa sana, lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000. Ikiwa ziwa kubwa namna hiyo limelemewa, je, bwawa letu la Mtera?

RAFIKI ZIWANI, MWIZI SHAMBANI

Ndugu mkulima wa mpunga, hasa wewe wa Pawaga, sikiliza. Vijidudu hivi vimo pia katika majaruba yako. Ukinyunyiza Urea juu ya maji, amonia hubaki juu, penye oksijeni. Sehemu yake hupotea hewani moja kwa moja. Sehemu nyingine hugeuka naitreti, huzama katika tope, na kundi la tatu huirudisha hewani. Mpunga umebaki na njaa. Wale wale wanaolisaidia ziwa wamekula mbolea yako.

Dawa yake ni hii: punguza maji kwanza, weka mbolea, ichanganye na tope, kisha rudisha maji. Ndani ya tope hakuna oksijeni, hivyo amonia hukaa bila kugeuka. Mizizi huikuta hapo hapo.

TUFANYE NINI?

1. Usiweke mbolea mvua kubwa inapokaribia. Igawe mara mbili: wakati wa kupanda, na mahindi yanapofika magotini.

2. Usiimwage mbolea juu ya ardhi. Chimba kishimo pembeni ya shina, weka kwa kipimo, fukia.

3. Lima kwa kukinga mteremko, wala si kwa kuufuata. Tengeneza matuta ya kuzuia maji.

4. Weka lundo la samadi, zizi na choo mbali na mto.

5. Acha matete na majani kando ya mto. Tope lenye mizizi ya matete ni karakana nzuri ya vijidudu. Mbolea iliyoponyoka shambani hukamatwa hapo kabla ya kufika mtoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua neno hili ni chungu. Kiangazi, nyumba nyingi za kwetu hula kutokana na vinyungu. Mimi bwana shamba siwezi kukuambia kwamba njaa ni jambo dogo. Lakini ukilima mpaka penye maji, mvua ya kwanza itachukua udongo, mbolea na kinyungu chenyewe. Mzungumze katika mkutano wa kijiji: vinyungu vipi visogezwe juu, na matete yaachwe wapi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe uko shambani kwako, wala si Mtera. Mbolea ikae kwenye mizizi ya mahindi. Kile kidogo kitakachoponyoka, vijidudu vya tope vitakiweza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kundi la tatu la vijidudu haliwezi kufanya kazi kama kundi la pili limesimama?

2. Kwa nini Urea inayonyunyizwa juu ya maji ya jaruba hupotea?

3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani maji ya mvua huingia mtoni yakiwa mekundu? Nani ana shamba hapo, na mtamsaidiaje?