Hawala ya posta na dhamana yake: Brussels kabla na baada ya 1914

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetaka kutuma faranga 40 kutoka Brussels kwenda Lille au Milano hakuwa na haja ya kuzitia noti ndani ya bahasha na kuomba Mungu zifike. Alikwenda katika jengo kubwa la Posta pale Place de la Monnaie, lililofunguliwa mwaka 1892 likitazamana na jumba la opera. Alilipa dirishani fedha zake pamoja na ada, akapewa stakabadhi, akaenda zake. Tangu hapo fedha zenyewe hazikusafiri. Iliyosafiri ni karatasi, na kwa karatasi hiyo karani wa nchi nyingine, asiyemjua mwenzake wa Brussels hata kwa jina, alifungua sanduku la serikali yake na kumlipa mtu aliyesimama mbele yake.

Kwa nini akubali? Ukizisoma kanuni za hawala za wakati ule kwa makini utaona kwamba karibu kila kifungu kinajibu swali hilo moja. Karani alipaswa kuwa na uhakika kwamba karatasi ni ya kweli, na serikali yake kuwa na uhakika kwamba itarudishiwa.

Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizounda Umoja wa Posta Duniani huko Bern mwaka 1874. Mkataba wa Bern ulishughulikia barua. Fedha ilikuwa jambo zito zaidi, kwa hiyo ilisubiri mkutano wa Paris wa 1878. Hapo yalifanyika mapatano ya pekee ya hawala za posta, nayo hayakuwa ya lazima: nchi iliweza kuwa mwanachama wa Umoja bila kuyatia sahihi. Ubelgiji ilitia sahihi, pamoja na majirani zake Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Luxembourg, na nchi nyingine kadhaa, Misri ikiwamo.

Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha dhamana. Kilisema kwamba fedha iliyokwisha kugeuzwa kuwa hawala imedhaminiwa kwa aliyeitoa mpaka mpokeaji atakapolipwa kihalali. Maana yake ni kubwa. Karatasi ikipotea njiani, au kukizuka mzozo kati ya posta mbili kuhusu nani alikosea, mtumaji hakuachwa katikati. Kibarua wa Kiflandria aliyekwenda kuvuna viazisukari kaskazini mwa Ufaransa, kama walivyofanya maelfu yao kila mwaka, angeweza kumtumia mkewe mshahara wake akijua kwamba hasara ya makaratasi si yake. Mabenki ya wakati huo hayakuwa na hamu na mteja wa faranga 30. Posta ilimpokea na kumpa haki iliyoandikwa katika mkataba wa kimataifa.

Kanuni za utekelezaji ziliingia hadi kwenye ncha ya kalamu. Kiasi kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa fedha ya nchi ya malipo. Kufuta au kuandika juu ya maandishi kulikatazwa kabisa, hata kama karani angethibitisha sahihisho hilo kwa sahihi yake. Fomu ikiharibika, iandikwe nyingine. Hawala ilikuwa na muda wake wa kulipwa, na ukipita ilibidi ihuishwe na posta iliyoitoa. Kuhusu kumhamishia mtu mwingine hawala kwa kutia sahihi nyuma yake, kila nchi iliachiwa iamue kwa mipaka yake yenyewe, kwani sheria za hundi hazikufanana.

Ada ya 1878 ilikuwa santimu 25 kwa kila faranga 25 au sehemu yake, na hawala moja haikuruhusiwa kuzidi faranga 500. Kufikia mkutano wa Roma wa 1906 kikomo kilikuwa kimepandishwa hadi faranga 1,000, na ada za fedha nyingi zilikuwa zimepunguzwa. Fanya hesabu ya ile ada ya kwanza: aliyetuma faranga 25 kamili alitozwa asilimia 1, lakini aliyetuma faranga 5 alitoa santimu 25 zilezile, yaani asilimia 5. Kanuni iliyomdhamini maskini ndiyo hiyohiyo iliyomtoza zaidi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo, ada ilitangazwa wazi na ilikuwa moja kwa kila mtu. Leo Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la kushusha gharama za kutuma fedha nyumbani zifike chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Mkongo wa mtaa wa Matonge, katika manispaa ya Ixelles hapohapo Brussels, anapotuma fedha kwao analipa ada anayoiona na tena tofauti ya kiwango cha kubadilisha fedha ambayo mara nyingi haioni.

Kiwango hicho, kabla ya 1914, hakikuwa na siri kubwa. Ubelgiji ilikuwa katika Umoja wa Fedha wa Kilatini tangu 1865, pamoja na Ufaransa, Italia na Uswisi. Faranga ya Brussels na ya Paris zilikuwa na uzito mmoja wa dhahabu, hivyo hawala kati ya miji hiyo haikuhitaji kubadilishwa. Kwa Ujerumani, faranga 100 zilikuwa takriban marki 81. Kwa London, pauni moja ilikuwa faranga 25 na santimu zipatazo 22. Posta zilifanya hesabu zao baina yao, zikatoa deni la huku katika deni la kule, na salio tu ndilo lililolipwa, kwa dhahabu. Aliyechelewa kulipa alitozwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Naam, serikali zilikubali kutozana riba ili hawala ya mtu wa kawaida isikwame.

Uingereza haikuyatia sahihi mapatano ya 1878. Ilishikilia utaratibu wake wa orodha: ofisi maalumu ya nchi moja ilikusanya maombi yote, ikayaandika katika orodha na kuipeleka kwa ofisi maalumu ya nchi ya pili, ambayo ndiyo iliyotoa hawala mpya za kulipwa huko. Karani wa mwisho alilipa karatasi ya nchi yake mwenyewe, kwa hiyo kughushi kulikuwa kugumu, lakini kazi iliongezeka na siku pia. Ubelgiji ilibidi iendeshe taratibu mbili kwa pamoja. Meli zake za serikali za Ostend na Dover, zilizoanza 1846, zilibeba barua za Waingereza kila siku, huku mambo ya fedha yakihitaji makubaliano ya peke yake na London.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliguswa na mgawanyiko huo. Zanzibar na Mombasa, zilizotumia rupia, zilikuwa upande wa Waingereza, na posta ya London ilifanya kazi ya mpatanishi kati ya makoloni yake na nchi za nje, ikikata sehemu yake njiani. Dar es Salaam ilikuwa chini ya posta ya Wajerumani, na rupia 15 za huko ziliwekwa kuwa sawa na marki 20. Miji miwili ya pwani moja, yenye jamaa na wafanyabiashara walewale, ilihesabiana kupitia Ulaya.

Mwaka 1913 Ubelgiji ilianzisha hundi za posta: mtu aliyekuwa na akaunti aliweza kuhamisha fedha kutoka jina moja kwenda jingine bila sarafu kupita dirishani. Austria ilikuwa imetangulia kwa miaka 30. Huduma hii changa haikupata hata miaka miwili ya amani.

Mapatano ya hawala yalikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi kusimamisha huduma kwa muda katika hali isiyo ya kawaida, mradi ijulishe wenzake mara moja, ikibidi kwa telegrafu. Tarehe 20 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Brussels. Kuanzia Oktoba stempu za Kijerumani zilizopigwa chapa ya neno Belgien na bei za santimu zilianza kutumika, na serikali ya Ubelgiji ikahamia Sainte-Adresse karibu na Le Havre, ambako ilifungua ofisi yake ya posta kwenye ardhi ya Ufaransa. Mtawala mpya aliamuru marki moja ipokewe kwa faranga 1.25, thamani ambayo marki haikuweza kuishikilia. Vita vilipokwisha, serikali ya Ubelgiji iliwabadilishia wananchi wake marki karibu bilioni 6 kwa kiwango hichohicho, na mzigo huo uliilemea faranga kwa miaka.

Mfumo wa hawala ulirudi, ila msingi wake wa zamani ulikuwa umevunjika: faranga ya Paris na ya Brussels hazikuwa tena kitu kimoja, na hakuna kati yao iliyokuwa sawa na dhahabu. Umoja wa Posta ulijibu kwa kuitenga faranga ya hesabu na faranga za mifukoni. Mkutano wa Stockholm wa 1924 uliieleza faranga ya Umoja kwa uzito: sehemu 10 kati ya 31 za gramu ya dhahabu yenye usafi wa 0.900. Hakuna mtu aliyeweza kununua mkate kwa faranga hiyo. Oktoba 1926 Ubelgiji ilipoleta belga, moja ikiwa faranga 5 za kawaida na 35 zikiwa sawa na pauni moja, karani wa Place de la Monnaie aliendelea kupokea faranga za karatasi dirishani, wakati viwango vya fedha vilitajwa kwa belga na deni kati ya posta za nchi lilihesabiwa kwa faranga za dhahabu.