Michezo ya video: wakati wa kuruka safari na wakati wa kutembea

Kwenye sale za michezo za Kadutu, Nyawera ao Panzi, vijana wengi wanaanza na mpira. Mtu analipa makuta yake, anashika maneti, dakika chache mechi imeisha, anapisha mwenzake. Lakini kuna michezo isiyokwisha hivyo. Ni ile ya nchi kubwa za kubuni, zenye milima, majoka, wachawi na vijiji, ambamo mchezaji anakwenda popote anapotaka. Kuimaliza kunaomba saa makumi. Kwa kijana anayelipa kila nusu saa, ao anayecheza nyumbani huku akiogopa kura isikatike, swali linakuwa gumu: saa hiyo aimalize barabarani, ao afanye kazi iliyomleta?

Watengenezaji wa michezo hiyo wameweka njia ya mkato. Wanaocheza kwa Kifaransa wanaiona kwenye skrini kwa jina la "voyage rapide". Mchezaji anafungua ramani, anachagua mahali alipokwisha kufika, anabonyeza, na mara moja yuko huko. Kuna wanaosema kuruka hivyo ni uvivu. Kuna wengine wanaoruka kila saa, mpaka mchezo unaisha bila wao kujua nchi waliyokuwa ndani yake. Wote wawili wanapata hasara.

Hesabu ambayo Bukavu inaijua

Kwa miaka mingi, mtu wa Bukavu anayetaka kufika Goma amekuwa na njia tatu: kanoti rapidi, meli kubwa inayokwenda polepole juu ya ziwa Kivu, na barabara ya Kalehe na Minova. Mwenye kikao cha haraka anachukua kanoti, hata kama bei iko juu. Mama mwenye magunia anangoja meli, juu kanoti haibebi mzigo wake. Anayepita barabara anachoka, lakini njo yeye anayesimama sokoni njiani na kujua maharagwe yamefika bei gani. Hakuna njia inayofaa siku zote. Mtu anatazama kwanza shida ya siku ile, kisha anachagua.

Kwenye michezo hesabu ni hiyo hiyo.

Kila mchezo una masharti yake

Katika Morrowind, mchezo wa Marekani wa mwaka 2002, hakuna kubonyeza ramani na kuruka. Mchezaji anapanda mashua, ao mdudu mkubwa anayebeba abiria, ao analipa wachawi wamhamishe, na kila chombo kina vituo vyake. Mwaka 2006 kampuni ile ile ilitoa Oblivion, na hapo ramani ikawa mlango: miji mikubwa iko wazi tangu mwanzo.

Skyrim ya mwaka 2011 ilishika njia ya katikati. Unaruka tu kwenda mahali ulipokwisha kupagundua, lakini mbele ya miji mikubwa kuna mikokoteni ya farasi inayokupeleka kwenye mji usiojulikana kwako, kwa sarafu kidogo. Huwezi kuruka adui akiwa karibu, wala ukiwa na mzigo uliopita nguvu zako. Na saa ya mchezo inaendelea kutembea: ukiruka jioni kwenda mji wa mbali, unaweza kukuta maduka yamefungwa.

The Witcher 3, iliyotengenezwa Polandi mwaka 2015, inataka ufike kwanza kwenye kibao cha njia ndipo uruke kwenda kibao kingine. Elden Ring ya Japani, ya mwaka 2022, inaruhusu kuruka kwenda mahali pa kupumzikia ulipokwisha kupafungua, lakini si katikati ya vita, na ndani ya mapango mengi mlango huo umefungwa.

Dragon's Dogma 2, ya Japani pia, ya mwaka 2024, ndiyo kali zaidi. Kuruka kunakula jiwe la pekee lisilopatikana kwa urahisi, na mkokoteni wa ng'ombe unaweza kushambuliwa njiani. Hideaki Itsuno, aliyeuongoza mchezo huo, alieleza kwamba safari ikichosha, kosa ni la mchezo wenyewe. Kwake yeye, njia ijazwe mambo, kusudi mtu atake kuipita.

Ruka wapi, tembea wapi

Safari ya kwanza, tembea. Kila pango na kila kijiji unachokigundua kinabaki kwenye ramani, na kesho kitakuwa kituo chako cha kuruka. Anayefuata mshale peke yake anabaki na ramani tupu. Tena silaha na dawa nyingi nzuri zimefichwa kando ya njia. Aliyeharaka anafika mbele ya joka akiwa na panga la siku ya kwanza, anauawa mara kumi, na nusu saa yake imekwisha hapo.

Safari ya kurudi, ruka. Kazi imeisha, aliyekutuma anangoja kukulipa, na njia unaijua: hakuna faida ya kuipita tena. Vilevile mfuko ukikaribia kujaa, ruka ukauze kabla haujakushinda. Kwa Skyrim, aliyechelewa analazimika kutupa vitu chini ao kutembea polepole mpaka mjini.

Ukiwa na mali usiyotaka kupoteza, ruka pia. Katika Elden Ring, ukiuawa, runi zako zote zinabaki chini pale ulipoanguka. Ukiuawa tena kabla hujaziokota, zimekwenda kabisa. Mwenye runi nyingi anaruka kwenda kupumzika, anazitumia kuongeza nguvu, kisha ndipo anarudi kwenye hatari.

Halafu kuna jambo la kura. Mtu amecheza saa nzima, amepata panga zuri, SNEL inakata, skrini nyeusi. Kura ikirudi, anajikuta pale alipokuwa kabla ya saa ile. Skyrim ina mpangilio wa kuhifadhi mchezo kila mara unaporuka. Inafaa kuangalia kwenye menyu kama umewashwa. Basi kuruka mjini kila baada ya kazi kubwa kunakuwa pia namna ya kuweka akiba. Mchezo usio na mpangilio huo, mchezaji ahifadhi kwa mkono.

Mwenye nusu saa anaweza kuigawa hivi: aruke moja kwa moja mpaka kituo kilicho karibu na sehemu asiyoijua, atembee humo dakika ishirini, na dakika za mwisho arudi mjini kwa kuruka, auze, ahifadhi, apishe mwenzake. Atakayefuata siku nyingine ataanza na vituo viwili ao vitatu vipya kwenye ramani, na mfuko mtupu ulio tayari kujazwa.