Je, Wajua? Ipi Nyingi, Ipi Chache

Je, wajua kwamba mtoto huanza kulinganisha kabla hata hajajua kusema? Mwaka 2000, watafiti Fei Xu na Elizabeth Spelke waliwaonyesha watoto wa miezi 6 picha za nukta hadi wakazichoka, kisha wakabadilisha idadi. Nukta 8 zilipogeuka 16, watoto walizikazia macho. Walijua kuna kitu kimebadilika. Zilipogeuka 12, hawakushtuka. Katika umri huo, tofauti huonekana pale upande mmoja unapokuwa mara mbili ya mwingine.

Je, wajua kwamba simba wa Serengeti nao hulinganisha? Karen McComb na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, waliwapigia simba jike sauti za simba wageni kwa spika. Akinguruma mgeni mmoja, wenyeji walikuwa wepesi kwenda kumkabili. Wakinguruma watatu kwa pamoja walisita, na kadiri wenyeji walivyokuwa wengi ndivyo walivyopata ujasiri wa kusogea. Hakuna aliyewapeleka chekechea.

Je, wajua kwamba kuimba moja hadi kumi si kujua namba? Mwekee mtoto wa miaka 3 rundo la vizibo vya soda, umwambie: “Nipe vitano.” Wengi watachota viganja viwili na kukukabidhi, nyuso zikiwa zimejaa ushindi. Karen Wynn alionyesha mwaka 1990 kwamba watoto hupanda ngazi hii polepole: huelewa maana ya moja, baada ya miezi kadhaa mbili, kisha tatu, ndipo siku moja wanang'amua kuwa namba ya mwisho waliyoitaja wakihesabu ndiyo idadi ya vitu vyote. Kwa hiyo mzazi anayejisifu kuwa mwanawe anahesabu hadi mia, amwombe kwanza vijiko vinne.

Je, wajua kwamba swali la mwalimu laweza kumkosesha mtoto? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha kitabu pamoja na Alina Szeminska mwaka 1941 kuhusu namba kwa mtoto. Jaribio lake maarufu ni hili: panga safu mbili za vitu zilizo sawa, mtoto akubali kuwa ni sawa, halafu uitanue moja mbele ya macho yake. Ukimuuliza tena, mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atasema iliyo ndefu ndiyo yenye vingi. Piaget aliona hapo upungufu wa akili ya umri ule. Lakini mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walileta mwanasesere wa dubu mtukutu, akaja “kuvuruga” safu bila kuombwa. Safari hii watoto wengi zaidi walijibu sawasawa! Mtu mzima anapovisogeza vitu kwa makusudi na kurudia swali lilelile, mtoto hudhani jibu la kwanza halikutakiwa. Mwalimu mwenye mazoea ya kuuliza “Una uhakika?” mtoto anapopatia, hilo ni lake.

Je, wajua kwamba “chache” ni gumu kuliko “nyingi”? Donaldson na Balfour walieleza mwaka 1968 jinsi watoto wadogo walioulizwa mti upi una matofaa machache walivyoonyesha wenye mengi. Nyumbani tumezoea kuuliza nani kapata zaidi. Uliza pia nani kapata pungufu.

Je, wajua kwamba alama ya = ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557? Alichora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Alama za < na > zilitoka katika kitabu cha Thomas Harriot mwaka 1631, mwenyewe akiwa amefariki miaka 10 nyuma. Mfano wa kuziona alama hizi kama mdomo wa mamba unaokula namba kubwa ulikuja baadaye sana. Mamba huyo husaidia kuandika alama, lakini mwachie mtoto naye asome: “Tatu ni ndogo kuliko saba.” Asiposoma, amejua mamba tu.

Je, wajua kwa nini mtoto husema 19 ni kubwa kuliko 21? Ameiona 9. Fungeni vijiti kumikumi: fungu moja na vijiti tisa huku, mafungu mawili na kijiti kimoja kule. Mabishano huisha. Watu wazima wana yao pia: Alfred Taubman, aliyewahi kumiliki migahawa ya A&W ya Marekani, alisimulia kwamba baga yao ya theluthi ya ratili ilidoda kwa sababu wateja waliiona ndogo kuliko ya robo. Si 3 ni ndogo kuliko 4?

Je, wajua kwamba mchezo wa visanduku kumi unatosha kuanzia? Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani, mwaka 2008 wakatoa matokeo: vipindi vinne vya takriban dakika 15 viliwafanya wawe hodari zaidi wa kulinganisha namba. Waliocheza kwenye visanduku vya rangi tupu hawakupata faida hiyo. Siri ni kutaja namba unazopita: aliye kwenye 3 akipata hatua mbili hasemi “moja, mbili”, husema “nne, tano”. Chora visanduku 1 hadi 10 kwenye kadibodi, rusha sarafu, kichwa hatua moja, upande wa pili hatua mbili. Jaribuni leo jioni.