Mwanadamu na Maumbile: Falsafa ya Val Plumwood

Metafizikia ni tawi la falsafa linalochunguza asili ya vitu vyote vilivyopo. Ikolojia ni sayansi ya uhusiano baina ya viumbe na mazingira yao. Nadharia ya jamii huchunguza jinsi watu wanavyoishi na kutawaliana. Aghalabu masomo haya hufundishwa mbalimbali. Mwanafalsafa wa Australia, Val Plumwood (1939–2008), aliyaunganisha kwa swali moja: kwa nini mwanadamu huharibu kile kinachomweka hai?

Katika kitabu chake cha mwaka 1993, Feminism and the Mastery of Nature, alieleza kwamba chanzo kimo katika fikra ya kale. Tangu Plato hadi Descartes, falsafa ya Ulaya iliigawa dunia mafungu mawili: akili na mwili, mwanamume na mwanamke, bwana na mtumwa, mwanadamu na maumbile. Tofauti yenyewe si kosa. Kosa ni kulifanya fungu moja kuwa bora kwa asili yake, na la pili kuwa chombo tu.

Matokeo yake ni kukana utegemezi. Bwana hulishwa na mtumwa, lakini huona kana kwamba chakula kimejileta chenyewe. Vivyo hivyo kazi ya mama nyumbani haiingizwi katika hesabu, wala kazi ya bakteria wanaoishi katika mizizi ya kunde na kuigeuza naitrojeni ya hewani iufae mmea. Asiyeihesabu kazi hiyo hatajua inapokaribia kukoma.

Mwaka 2002, katika Environmental Culture, Plumwood aliongeza sababu ya kijamii, yaani umbali. Mto ukichafuliwa, mwenye kiwanda hunywa maji ya kwingineko. Akaaye kandokando ya mto ndiye wa kwanza kujua na wa mwisho kusikilizwa. Kwa hiyo kukosekana kwa usawa si dhuluma tu, bali pia huizuia jamii kupata habari za makosa yake.

Plumwood aliyapima mawazo haya kwa mwili wake. Mnamo Februari 1985, akiwa peke yake mtumbwini katika Hifadhi ya Taifa ya Kakadu, alikamatwa na mamba, akabiringishwa majini mara tatu. Aliponyoka na majeraha makubwa, akatambaa kwa saa nyingi hadi alipookolewa. Hata hivyo alipinga shauri la kumwua mamba kwa kisasi, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeingia katika makao yake. Alitambua kwamba mwanadamu, pamoja na akili yake yote, naye ni chakula.

Wanafunzi waweza kuijaribu hoja yake darasani. Na wachague sahani moja ya ugali na maharage, waorodheshe kila mtu na kila kiumbe aliyefanya kazi ili ipatikane, kisha waulize ni nani kati yao aliyehesabiwa katika bei yake.